Lango la Uwanja wa Barafu wa Orlow

Verna Boychuk alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa barafu akiwa jikoni. Mkutano ulikuwa umepamba moto katika ukumbi wa kanisa, naye akatoka mara moja kwenda kupunguza moto chini ya sufuria ya supu ya bitiruti. Aliporudi akijifuta mikono, watu wakampigia makofi. Akadhani wanaisifia supu.

"Nani kanipendekeza?" aliuliza alipoelewa.

Mumewe, Walter, alikuwa akiichunguza dari kama fundi anayetafuta mahali panapovuja.

"Wewe ndiye unayefahamiana na kila mtu," Walter alimwambia wakiwa garini kurudi nyumbani. "Unaendesha basi la shule. Hakuna nyumba usiyoijua."

"Ndiyo maana nisingekubali," alisema Verna.

Lakini hakukataa, na hilo lilimkera kuliko kuchaguliwa kwenyewe. Alikuwa amekulia Orlow, mji mdogo wa mkoa wa Saskatchewan ambao mtu akipita kwa gari huku akipiga chafya anaweza asiuone, na kila alichokikumbuka cha utotoni mwake kilikuwa na uwanja huo ndani yake. Haukuwa kitu cha kujivunia. Kilikuwa kipande cha nyasi kando ya nyumba ya Stefania, ambaye sasa alikuwa mama mkwe wake. Kila Desemba wanaume walikizungushia mbao, wakakimwagia maji kwa mpira wa zimamoto, na baridi ikamaliza kazi iliyobaki. Umeme wa taa ulitoka kwa Stefania, kwa waya uliopitishwa dirishani mwa chumba chake cha chini. Watoto walivalia viatu vya kuteleza katika kibaraza chake. Hapakuwa na kiingilio wala mlinzi, na aliyetaka kuteleza alikuja akateleza.

Tatizo ni kwamba mbao zilikuwa zimeoza, na majira ya baridi nayo yalikuwa yameanza kufanya wazimu. Januari, mwezi ambao zamani ungeweza kuegesha lori juu ya barafu, sasa ungekuta joto limekuja bila kualikwa, ardhi inayeyusha barafu kutoka chini, na majani ya mwaka jana yanachungulia. Mji ukaamua kuuboresha uwanja: sakafu ya zege, kuta mpya, taa kwenye nguzo zake zenyewe, na kibanda chenye joto cha kubadilishia viatu. Watu wote waliunga mkono. Matatizo ya Verna yalianzia hapo hapo, kwa sababu kila mmoja aliunga mkono uwanja wake mwenyewe.

Curtis Dahl, aliyefundisha watoto hoki na kuzungumza siku zote kama mtu aliyebakiwa na dakika moja ya mchezo, alitaka kuta ndefu pande zote. Simone Lachance, aliyefundisha watoto wadogo na wanawake wazee kuteleza kwa muziki, alitaka kuta fupi ambazo wazee wake wangeweza kuegemea.

"Ukiweka kuta fupi," Curtis alisema, "kile kisahani cha hoki kitaruka kivunje dirisha la mama mkwe wako."

"Umelivunja dirisha hilo mara ngapi, Curtis, na leo ndiyo umeanza kumhurumia?" Verna alimuuliza.

"Nasema kwa ajili ya usalama."

"Na wazee wangu wakianguka kwa kukosa pa kushika, huo usalama ni wa nani?" alidakia Simone.

Majira yote ya kuchipua yalikwisha namna hiyo. Mwishowe Verna aliamua kuta ziwe ndefu kwenye ncha mbili, nyuma ya magoli, na fupi kwenye mbavu. Curtis alinuna. Simone alinuna. Verna akawaambia kwamba kwa kuwa wamenuna sawasawa, mjadala umefungwa, na atakayeufungua atapewa uenyekiti. Hakuna aliyeufungua.

Jambo ambalo hakulisema katika mkutano wowote lilimhusu Stefania. Bibi huyo alikuwa amevuka miaka themanini na kubaki peke yake, na uwanja ndio uliomletea watu mlangoni. Sasa taa zingekuwa na umeme wake, watoto wangekuwa na kibanda chao. Wajenzi walipouchomoa ule waya kutoka dirishani, Verna alisimama pembeni akiliangalia dirisha la bibi huyo. Majira yote ya joto alikuwa akimpelekea mkwewe keki na kuzungumza naye habari za hali ya hewa, asithubutu kuligusa lile lililokuwa likijengwa nje ya dirisha.

Hatimaye uwanja ulikamilika. Kabla ya Krismasi maji yalimwagwa, baridi ikashuka hadi pua zikauma, na barafu ikatokea laini, ngumu, yenye rangi ya chuma. Hata Curtis alinyamaza alipoiona. Lakini kuzunguka uwanja palikuwa na uzio mpya, kwenye uzio palikuwa na lango la chuma, na kwenye lango palining'inia kufuli kubwa kama ngumi.

"Hilo ni la muda tu," alisema meya, Rudy Thorsen. "Mbunge wa jimbo anakuja kukata utepe. Akishakata, tunafungua."

Rudy aliuza matrekta, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia akimkatalia mtu jambo. Ndiyo maana kumshika ilikuwa kazi. Mbunge alitarajiwa wiki ya kwanza ya Januari, ikaja dhoruba ya theluji na barabara zikafungwa. Akatarajiwa wiki iliyofuata, akashikwa na mafua. Kisha akawa na kikao. Kisha, kwa maneno ya Rudy, "tuko kwenye mazungumzo mazuri sana."

"Rudy, barafu haisubiri mazungumzo," alisema Verna. "Tuwaache watoto waingie, mbunge akija tutawatoa, atakata utepe wake."

"Nakuelewa kabisa, Verna. Kabisa. Ila kuna mambo ya bima."

"Mambo gani ya bima?"

"Ya kawaida," alisema Rudy, akamshika bega kwa upole. "Tuvumilie kidogo."

Kila asubuhi na kila alasiri Verna alipita pale na basi la manjano lililojaa watoto waliobandika pua kwenye vioo vyote vya upande mmoja.

"Bi Verna, lini?"

"Muulizeni meya."

"Meya kasema tukuulize wewe."

Akaanza kusaga meno usingizini. Walter ndiye aliyemwambia. Dukani watu walimwita "Mheshimiwa Mwenyekiti" na kumuuliza kama siku hizi barafu ni ya kuangalia tu, kama kinyago cha makumbusho. Mzee mmoja alimpongeza kwa kujenga friji kubwa kuliko zote mkoani. Verna alinunua maziwa yake akatoka bila kuchukua chenji.

Na watoto wakafanya wanachofanya watoto. Wakaenda bwawani, nyuma ya ghala la nafaka, mahali ambapo maji hupita chini kwa chini kuelekea kwenye bomba la barabara, na barafu ya juu huonekana nene huku kwa chini ikiliwa. Kila mtu mzima wa Orlow alikatazwa kucheza pale alipokuwa mdogo.

Ijumaa moja alasiri, akiwa ameegesha basi kituo cha mwisho cha mjini, Verna aliona mtu akija kutoka upande wa ghala akitembea kwa miguu iliyokakamaa kama mbao. Alikuwa Tasha Dahl, binti wa Curtis, mwenye miaka kumi na sita, ambaye siku hiyo hakupanda basi kutoka shuleni. Suruali yake ilikuwa imeganda kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Ilipogonga ngazi ya basi ilitoa sauti kama ubao.

Verna alifunga mlango, akawasha kipasha joto hadi mwisho, akamvua binti huyo buti na soksi, akamfunga miguu kwa koti lake mwenyewe.

"Usimwambie baba," Tasha alisema, meno yakigongana.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kupiga. Pembeni palivunjika tu, Bi Verna. Nilishika majani ya ukingoni."

"Majani," alisema Verna.

"Yalikuwa mengi."

Verna alirudi kwenye usukani. Aliwaza jinsi Curtis alivyopiga kelele majira mazima ya kuchipua juu ya usalama wa kioo cha dirisha, na jinsi yeye mwenyewe alivyompigia kelele, na kwamba katika kelele zote hizo hakuna hata mmoja wao aliyeuliza habari za lango. Kisha alimpeleka Tasha nyumbani, akamkabidhi kwa mama yake, akasema yote aliyoombwa asiyaseme, na akaenda moja kwa moja kwa muuza matrekta. Basi la shule halikuingia vizuri katika maegesho yake. Aliliacha limekaa mshazari mbele ya mlango.

Rudy alimsikiliza akiwa amekunja uso kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo lilichosha.

"Mungu amesaidia," alisema. "Nitampigia mbunge tena Jumatatu. Nitamweleza kuwa hali imekuwa ya dharura."

"Nipe ufunguo, Rudy."

"Ufunguo anao mkandarasi."

"Mkandarasi yuko wapi?"

"Meksiko," alisema Rudy. "Mapumziko. Anastahili lakini, uwanja umetoka vizuri."

Verna akageukia mlango. Halafu akaondoka, kwa sababu alijua akibaki atasema neno ambalo dereva wa basi la shule hapaswi kulisema.

Jumamosi, jua likiwa utosini na theluji iking'aa hadi macho yakauma, aliegesha pikapu mbele ya uwanja. Walter alishuka na mkasi mkubwa wa kukatia minyororo begani.

"Weka hicho," alisema Verna. "Leta spana."

"Kufuli halifunguki kwa spana."

"Tukikata kufuli tumeharibu mali ya mji. Tukifungua nati za bawaba, ni matengenezo. Mimi ni mwenyekiti wa matengenezo."

Walter aliushusha mkasi. "Hilo umelipata wapi?"

"Jana, nikiwa sipati usingizi."

Nati zilikuwa zimeganda. Verna alivua glavu kwa kuwa hazikumwezesha kushika, akazirudisha kwa kuwa chuma kiliuma kama moto, akazivua tena. Watu wakaanza kukusanyika, na kila aliyekuja alikuja na maoni. Mmoja alisema zimwagiwe maji ya moto. Mwingine akasema maji ya moto yataganda iwe balaa zaidi. Simone alifika na wazee wake watatu, wote wakiwa wameshabeba viatu vya kuteleza mabegani, akasema hatasema kitu, kisha akasema Verna anashikilia spana vibaya.

Curtis alikuja wa mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hakulala. Alisimama nyuma ya Verna.

"Unaizungushia upande usiofaa," alisema.

Verna aligeuka polepole. "Curtis, ukitaka kuishi, usiseme jambo lingine."

Curtis alivua glavu zake, akapiga goti kwenye theluji kando yake, akashika bawaba ya chini kwa mikono miwili ili isizunguke. "Vuta," alisema kwa sauti ya chini. Verna akavuta. Nati ikalia, ikasogea. Curtis alikuwa analia pia, lakini alikuwa ameinamisha uso, na Verna akajifanya anashughulika.

Lango lilikuwa bado limening'inia kwenye bawaba moja wakati pikapu ya meya iliposimama.

"Jamani," alisema Rudy. "Jamani, jamani. Verna, unafanya nini?"

"Kazi mliyonipa. Naboresha uwanja."

"Na bima je? Mtu akiumia leo, mji mzima umekwisha."

"Jana mtoto alitumbukia bwawani. Bima ilisemaje?"

Rudy aliangalia barafu, akaangalia watu, akaona hakuna hata mmoja wa kumshika bega.

"Rudy," Verna akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka tu, "hao watu wa bima walikuambia nini hasa? Nieleze maneno yao."

"Maneno yao hasa?"

"Ndiyo."

"Kwa kweli," alisema Rudy, "sijazungumza nao bado. Nilikuwa nasubiri mbunge aje kwanza. Lakini kwa kawaida, ukishaona lango, maana yake bima wamelitaka."

Hapo Walter, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo, alitoa simu yake mfukoni akampa meya. "Binti wa dada yangu anafanya kazi ofisini kwao huko mjini Regina. Leo yuko zamu. Mpigie."

Rudy akapiga akiwa amesimama pale pale, kwa kuwa hapakuwa na pa kujificha. Watu wote walisikia upande wake wa mazungumzo. Alisema ndiyo. Alisema uwanja wa Orlow, ndiyo, ule wa bure. Kisha akasema, "Tangu vuli?" Na baada ya kimya, "Lango? Hapana, nilidhani nyinyi ndio mliolitaka."

Akamrudishia Walter simu.

"Anasema tuna bima tangu vuli," alisema taratibu. "Wanataka kibao kinachosema mtu ateleze kwa hiari yake. Habari za lango hawazijui."

"Sasa lango aliliagiza nani?" aliuliza Simone.

Kila mtu alimtazama mwenzake. Curtis alidhani ni Simone, kuwazuia wachezaji wa hoki. Simone alikuwa akiamini siku zote kuwa ni Curtis. Meya alidhani ni bima. Walter akasoma lebo iliyokuwa bado kwenye chuma, na ikaonekana kuwa lango lilikuja na uzio kutoka kiwandani, kama vifungo vya ziada vinavyokuja na shati, na mkandarasi akalifunga kwa kuwa lilikuwepo, akaweka kufuli kwa kuwa lango lisilo na kufuli linapigwapigwa na upepo.

Verna aliketi juu ya theluji. Alijisikia kucheka, na kupiga mtu, na kulala, vyote kwa pamoja. Walter alimalizia nati ya mwisho, yeye na Curtis wakalibeba lango wakalilaza nyuma ya kibanda. Wazee wa Simone walipita kwanza, wameshikana mikono, hawakumngoja mtu yeyote awape ruhusa.

Haikupita nusu saa uwanja ulijaa. Verna alikuwa bado akijipapasa vidole vilivyokufa ganzi alipoona wasichana wawili wadogo, wenye mazoea ya zamani, wakipanda ngazi za nyumba ya Stefania na viatu vyao mikononi. Mlango ukafunguliwa. Moyo wake ukalainika.

"Nendeni kibandani kwenu," alisikia Stefania akisema. "Kuna joto na benchi. Haya, shukeni." Na mlango ukafungwa.

Verna alivuka theluji akaenda kugonga.

"Mama, wale ni watoto tu. Wamezoea kuja kwako."

"Najua wamezoea. Njoo uone sakafu yangu." Stefania alimvuta hadi ndani ya kibaraza na kumwonyesha kwa fimbo mbao zilizochongwachongwa na visu vya viatu tangu enzi za marehemu mumewe. "Aliyewakaribisha ni yeye, si mimi. Yeye alikuwa huko nje anacheza, mimi nilikuwa humu napiga deki. Miaka yote hiyo, mwanangu. Na bili ya umeme."

"Nilidhani utajisikia mpweke," alisema Verna. "Majira yote ya joto nimekuwa nikikuletea keki."

"Nilikuwa najiuliza zile keki ni za nini. Nilidhani nina ugonjwa mmenificha." Stefania akakaa kwenye kiti chake, akaelekeza uso dirishani, ambako Curtis na Simone walikuwa wamesimama katikati ya barafu wakirushiana mikono juu ya nani atumie upande upi saa ngapi. "Kutazama nitatazama. Kutazama ni bure. Ila hawaingii."

Verna alibaki kule mpaka vidole vikapata uhai, akanywa chai, akala perogi, zile sambusa laini za viazi, alizopashiwa kwenye siagi, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano hakufikiria kuta, taa wala lango. Kisha mtu akaja kugonga kuuliza ufunguo wa choo cha kibanda uko wapi.

Mbunge alifika mwezi Machi. Alikuwa mtu mstaarabu, akaomba radhi mara nyingi. Siku hiyo joto lilikuwa limekuja la nguvu, juu ya barafu palisimama maji ya kufika kwenye vifundo, na viatu vyake vilikuwa vya ngozi nyembamba. Rudy alifunga utepe kati ya nguzo mbili za uzio, mahali palipokuwa na lango. Utepe ulikatwa. Watu wakapiga makofi kwa glavu, sauti ikawa kama ya mito ya kulalia ikipigwa. Kisha Rudy akamgeukia mwenyekiti na kumwomba neno.

Verna hakuwa ameandaa neno. Mbele yake watoto wa basi lake walikuwa wakijisukumana kwenye maji, tayari kukimbia ndani mara tu wakubwa watakapoondoka. Tasha alikuwa miongoni mwao, gongo la hoki mkononi, akikwepa macho ya baba yake.

"Uwanja ni wenu," alisema. "Tafadhali msiulize tena lini."

Watoto wakaingia kwa pamoja, maji yakaruka pande zote, mbunge akarudi nyuma hatua kadhaa akitikisa mguu mmoja. Curtis akaanza kupiga kelele kwamba hiyo haikuwa saa ya kuteleza ovyo. Simone akamjibu. Verna aliangalia msichana mdogo akianguka kifudifudi, akiinuka amelowa hadi shingoni na kucheka, na akamsikia mama wa mtoto huyo akiuliza kwa sauti, akimwelekea yeye, ni nani aliyeruhusu watoto waingie kwenye maji.

"Mimi," alisema Verna. "Nani mwingine?" Akaenda garini kumtafutia mtoto taulo.